Utando Wenye Kiu: Viunzi vya Vinyweleo na Hesabu Halisi ya Seli za Haidrojeni

Na Mwandishi Maalumu

Tarehe 8 Oktoba, 2025, Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden ilitangaza kuwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo imekwenda kwa wanasayansi watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Walitunukiwa kwa kubuni viunzi vya metali na kaboni, yaani fuwele zinazojengwa kwa kuunganisha ayoni za metali na molekuli za kikaboni kwa namna inayoacha ndani yake vyumba vitupu visivyohesabika. Gramu chache tu za kiunzi kimojawapo kilichobuniwa na Yaghi mwaka 1999 zina eneo la ndani linalolingana na uwanja wa mpira wa miguu. Matumizi yaliyotajwa wakati wa kutangaza tuzo hiyo ni mengi, yakiwemo kuvuna maji kutoka katika hewa ya jangwani, kunasa kabonidioksidi na kuhifadhi gesi.

Yapo matumizi mengine ambayo hayasikiki sana nje ya maabara, lakini yanagusa moja kwa moja mipango ya nishati iliyokwisha kutangazwa na serikali mbalimbali duniani. Matumizi hayo ni kuuboresha utando unaokaa katikati ya seli ya haidrojeni, kifaa ambacho wengine hukiita seli ya mafuta, kinachozalisha umeme kwa kukutanisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto. Japani, iliyokuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na mkakati wa kitaifa wa haidrojeni mwaka 2017, iliupitia upya mkakati huo mwezi Juni 2023 na kuweka lengo la kutumia tani milioni 12 za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2040, pamoja na uwekezaji wa yen trilioni 15 kutoka serikalini na sekta binafsi katika kipindi cha miaka 15. Fedha hizo ni nyingi. Magari, malori na mitambo itakayoitumia haidrojeni hiyo kwa njia ya seli itategemea kipande cha plastiki chembamba kuliko unywele wa binadamu, na kipande hicho kina udhaifu ambao miaka hamsini ya utafiti haijauondoa.

Ndiyo maana taarifa zinazotolewa mara kwa mara kuhusu rekodi mpya za upitishaji wa protoni zinastahili kusomwa kwa makini. Nyingi kati ya taarifa hizo ni za kweli kwa kadiri ya kile kilichopimwa. Tatizo ni kwamba kilichopimwa mara nyingi si kile ambacho gari au mtambo utakihitaji.

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni vema kuanza na kazi ya utando wenyewe. Upande mmoja wa seli huingizwa haidrojeni. Kichocheo cha platinamu huitenganisha kila atomu ya haidrojeni kuwa protoni na elektroni. Elektroni haziwezi kupenya kwenye utando, hivyo hulazimika kuzunguka kwa nje kupitia waya, na mzunguko huo ndio umeme tunaoutumia. Protoni hupita katikati ya utando hadi upande wa pili, ambako hukutana na oksijeni na elektroni zile zilizozunguka, na kuwa maji. Kwa hiyo utando unatakiwa kufanya mambo yanayopingana: upitishe protoni kwa wepesi, uzuie elektroni kabisa, na usiruhusu haidrojeni na oksijeni kukutana zikiwa gesi. Ukifanya uzembe katika jambo la mwisho, seli hupoteza nguvu, na ikizidi, huharibika.

Utando wa aina hii uliingia katika historia mwezi Agosti 1965, pale chombo cha anga cha Marekani, Gemini 5, kiliporuka kwa siku nane kikitumia umeme wa seli za haidrojeni zilizotengenezwa na kampuni ya General Electric. Utando wa wakati huo ulikuwa wa polistireni iliyotiwa asidi, na haukudumu. Mashambulizi ya kikemikali ndani ya seli yaliula polepole. Safari za Apollo zilizofuata zilitumia seli za aina nyingine kabisa. Jawabu lilipatikana kwa Walther Grot wa kampuni ya DuPont, aliyebuni mwishoni mwa miaka ya 1960 polima yenye florini nyingi ambayo hadi leo inajulikana kwa jina la biashara la Nafion. Florini iliipa polima hiyo ustahimilivu ambao polistireni haikuwa nao, na vikundi vya asidi ya sulfoni vilivyoning'inia kwenye mnyororo wake viliipa uwezo wa kupitisha protoni. Karibu kila utando mpya unaobuniwa leo, popote duniani, hulinganishwa nayo.

Kwa kipimo cha upitishaji, Nafion iliyoloa vizuri katika nyuzijoto 80 za Selsiasi hufikia takribani siemensi 0.1 kwa sentimeta. Msomaji aikumbuke namba hiyo, kwa kuwa namba nyingine zote zitakazotajwa hapa zinapimwa dhidi yake. Lakini neno la kuzingatia zaidi katika sentensi hiyo ni "iliyoloa". Ndani ya polima hiyo maji hukusanyika katika mifereji midogo yenye upana wa nanomita chache, na protoni husafiri humo kwa njia mbili. Wakati mwingine protoni hubebwa na molekuli ya maji, kama abiria juu ya chombo. Wakati mwingine hurushwa kutoka molekuli moja hadi nyingine, mithili ya mafundi waliojipanga kwenye ngazi wakirushiana matofali: tofali linafika juu, lakini kila fundi amebaki mahali pake. Njia hii ya pili, ambayo wazo lake la awali lilitolewa na Theodor Grotthuss mwaka 1806, ndiyo yenye kasi. Nayo inahitaji mafundi wakae karibu karibu. Maji yakipungua, safu inakatika.

Hapo ndipo kiu ya utando inapoanza kugharimu fedha. Ili Nafion isikauke, gari huhitaji kudhibiti unyevu ndani ya seli wakati wote, na joto la kazi halina budi kubaki karibu na nyuzi 80, kwa sababu likikaribia nyuzi 100 maji hugeuka mvuke na kuondoka. Joto dogo linaweza kuonekana kuwa ni jambo jema. Kwa mhandisi wa malori ni mzigo: tofauti ndogo kati ya joto la injini na joto la hewa ya nje humaanisha rejeta kubwa, hasa gari linapopanda mlima likiwa na shehena katika nchi yenye joto. Aidha, katika nyuzi 80 kichocheo cha platinamu hulewa haraka kwa kaboni monoksidi, na ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha haidrojeni ya magari hakiruhusu gesi hiyo izidi sehemu 0.2 katika milioni. Haidrojeni safi kiasi hicho ni ghali kuitengeneza. Utando ambao ungefanya kazi kwa uhakika katika nyuzi 120 bila kuhitaji unyevu mwingi ungepunguza mizigo yote hiyo kwa pamoja.

Fikra ya kutumia nyenzo zenye vinyweleo inatokana na tatizo hilo. Kama maji hutoroka kwenye plastiki, kwa nini yasiwekwe ndani ya vyumba vidogo vinavyoyashika? Na kama maji hayafai juu ya nyuzi 100, kwa nini vyumba hivyo visiwekewe molekuli nyingine isiyochemka kirahisi, ikarushiana protoni badala ya maji?

Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa neema kwa fikra hiyo. Kundi la watafiti wa Kijapani likiongozwa na Hiroshi Kitagawa lilionesha kiunzi cha zinki chenye upitishaji wa siemensi 0.008 kwa sentimeta katika joto la kawaida la nyuzi 25, unyevu ukiwa asilimia 98. Mwaka huohuo, Susumu Kitagawa, ambaye ni mtu tofauti licha ya kufanana kwa jina la ukoo, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kiunzi cha alumini kilichojazwa imidazoli. Upitishaji wake ulikuwa siemensi 0.000022 tu, lakini ulipimwa katika nyuzi 120 bila maji. Nchini Kanada, kundi la George Shimizu wa Chuo Kikuu cha Calgary lilijaza triazoli katika kiunzi chenye vikundi vya sulfoni na kupata kati ya siemensi 0.0002 na 0.0005 katika nyuzi 150, pia bila maji.

Mtu akizipanga namba hizo tatu bila maelezo, ataona ya kwanza ndiyo bora. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ya tatu ndiyo iliyobeba habari kubwa zaidi. Namba ya kwanza ilipatikana mahali ambapo Nafion tayari inafanya vizuri, yaani penye unyevu wa kutosha, na bado ikawa chini yake. Ya tatu, ingawa ni ndogo mara mamia, ilipatikana mahali ambapo Nafion imekwisha kukauka na haina la kusema.

Miaka iliyofuata ilileta namba kubwa zaidi. Mwaka 2015 kiunzi cha zirkoni kilichoongezewa vikundi vya sulfoni kilifikia siemensi 0.084 katika nyuzi 80 na unyevu wa asilimia 90. Mwaka 2017 kiunzi cha kromu kilifikia siemensi 0.127 katika nyuzi 80 na unyevu wa asilimia 100. Hiyo ya mwisho imeipita Nafion. Taarifa ya namna hiyo ikifika kwa mwananchi ikiwa imepunguzwa hadi sentensi moja, husomeka kana kwamba kazi imekwisha.

Haijaisha, na sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Kiunzi ni unga. Katika vipimo vingi vya aina hii, unga huo hubanwa kuwa kidonge, huwekwa kati ya vipande viwili vya metali, na umeme hupitishwa ili kupata namba. Kidonge si utando. Huwezi kukitandaza kwa unene wa maikromita chache, ukakibana ndani ya seli, ukakilowesha na kukikausha kila gari linapowashwa na kuzimwa, na bado kikabaki kizima. Hivyo watafiti huchanganya unga huo na polima, iwe Nafion yenyewe au polima nyingine isiyo na florini, na kutengeneza utando mseto. Papo hapo hesabu inabadilika, kwa sababu unga huwa ni sehemu ndogo ya mchanganyiko. Ukiongezwa kupita kiasi, punje hushikana kuwa mabonge na utando huwa mkavu kama chapati ya jana, unaopasuka ukikunjwa. Upitishaji nao, badala ya kupanda, huanza kushuka, maana protoni hulazimika kuyazunguka mabonge hayo.

Hata hivyo ni humu humu katika mchanganyiko ndimo mlimo na faida ya kweli. Punje zilizosambaa vizuri hushika maji pale polima inapokauka, na kuta za vinyweleo vyake, zikiwa na vikundi vya asidi, huunganisha mifereji ambayo ingekatika. Kwa hiyo utando mseto unaweza kuonesha nyongeza ndogo sana penye unyevu wa asilimia 100, na nyongeza kubwa penye asilimia 30 au 40. Mchunguzi makini huitafuta namba hiyo ya pili. Ikikosekana katika taarifa, ni halali kuuliza kwa nini.

Sababu nyingine inahusu uhai wa kiunzi chenyewe. Si kila kiunzi huvumilia maji, sembuse asidi. Kiunzi kile mashuhuri cha Yaghi cha mwaka 1999 huvumilia joto kali kikiwa kitupu, lakini unyevu wa hewa tu hukibomoa. Viunzi vya zirkoni, ambavyo familia yake maarufu ilianzia Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2008, vina viungo imara zaidi, na ndiyo maana vinatumika sana katika utafiti wa utando. Na kiunzi kikibomoka ndani ya seli, hasara si ya upitishaji pekee. Metali iliyokishikilia huachiwa huru. Ikiwa ni ayoni za chuma, hukutana na peroksidi ya haidrojeni inayozaliwa kidogo kidogo ndani ya seli, na kutokeza viradikali vinavyoshambulia mnyororo wa polima. Kilichowekwa ili kuponya utando kinakuwa ndicho kinachoula. Watengenezaji wa seli wanalijua jambo hili kiasi kwamba wengine huweka seriamu makusudi ili ivimeze viradikali hivyo kabla havijaleta madhara.

Muda nao una kipimo chake. Wizara ya Nishati ya Marekani, kupitia muungano wa maabara ulioundwa mwaka 2020 kwa ajili ya malori ya haidrojeni, imeweka lengo la seli kudumu kwa saa 25,000. Hiyo ni karibu miaka mitatu mfululizo, usiku na mchana, bila kupumzika. Matokeo ya maabara kuhusu viunzi hivi kwa kawaida hutaja saa, siku au majuma. Kati ya juma moja na saa 25,000 kuna umbali ambao hakuna namba ya upitishaji inayoweza kuufidia.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo lililoipa kazi hii haraka mpya, nalo limetoka kwa wanasheria. Nafion na jamaa zake ni sehemu ya kundi kubwa la kemikali za florini zinazofahamika kwa kifupi PFAS, ambazo kwa kutooza kwake hubaki katika maji, udongo na damu za watu kwa muda mrefu sana. Tarehe 7 Februari, 2023, Wakala wa Kemikali wa Ulaya ulichapisha pendekezo la Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway la kuzuia kemikali zaidi ya 10,000 za kundi hilo. Maoni yaliyopokelewa kutoka kwa wadau yalizidi 5,600. Seli za haidrojeni hazikuachwa nje. Katika pendekezo hilo la awali zilipewa nafasi ya muda, ambayo ukijumlisha na kipindi cha mpito inafika miaka sita na nusu tangu sheria kuanza kutumika. Soko nalo halikusubiri. Kampuni ya 3M ya Marekani ilitangaza Desemba 2022 kuwa itaacha kutengeneza kemikali hizo ifikapo mwisho wa 2025.

Katika mazingira hayo, swali la viunzi vya vinyweleo limebadilika. Zamani lilikuwa: je, vinaweza kuifanya Nafion iwe bora zaidi? Sasa ni: je, vinaweza kuifanya polima ya kawaida isiyo na florini, ambayo peke yake haifui dafu, ifikie mahali Nafion ilipo? Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza, lakini ndilo lenye maslahi kwa umma. Kiunzi kinachoongezwa kwenye Nafion hakiondoi florini hata chembe. Kwa hiyo taarifa ya mafanikio inayotaja utando mseto wa Nafion, hata ikiwa na namba za kupendeza, haitoi jawabu kwa lile linaloamuliwa Ulaya.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali kama linavyoonekana, japokuwa mlango wake ni tofauti. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, ukilenga kwanza mbolea na si magari. Haidrojeni ya mbolea hiyo hutokana na kuchanganua maji kwa umeme, na baadhi ya mitambo ya kuchanganulia maji hutumia utando wa familia ileile ya Nafion, ikifanya kazi kinyume cha seli. Hapo kiu si tatizo, kwa kuwa utando umezama majini muda wote. Kinachoogopwa ni haidrojeni kupenya na kwenda kuchanganyikana na oksijeni upande wa pili. Nyenzo yenye vinyweleo iliyosifiwa kwa kushika maji katika seli ya gari inaweza isiwe na faida yoyote katika mtambo huo, au ikaleta madhara ikiwa itaacha mwanya kati ya punje na polima. Maofisa wanaopitia zabuni za mitambo ya aina hiyo wanapaswa kulifahamu hilo, maana muuzaji akizungumzia utando ulioboreshwa, bado haijajulikana umeboreshwa kwa ajili ya kazi ipi. Iwapo mtambo wa kisasa utanunuliwa leo kwa matarajio ya kutumika miaka 20, upatikanaji wa utando wa akiba baada ya sheria ya Ulaya nao uwe sehemu ya mkataba.

Ulaya kwenyewe, pendekezo lililofanyiwa marekebisho lilichapishwa Agosti 2025, na Wakala wa Kemikali umepanga kukamilisha tathmini yake ya kisayansi mwaka 2026. Baada ya hapo, Kamisheni ya Ulaya pamoja na nchi wanachama ndizo zitakazoamua seli za haidrojeni zipewe muda gani.